Jirani Asiyenyolewa

Miaka kumi na mmoja tumegawana ukuta, Gerezani,
yeye upande wa gia boksi, mimi upande wa mikasi,
na sijawahi kula shilingi yake.
Ndevu kama zile, Mola wangu, ni kodi ya miezi miwili!
Zinapita mlangoni kwangu kila asubuhi
na kunisabahi.

Mwanzoni nilimwita Kalasinga, kama mtaa mzima.
Nilikuwa na vichekesho saba juu yao, nikiviuza pamoja na kunyoa.
Siku moja umeme ukakatika, mashine ikanifia mkononi,
kichwa cha mteja nusu shamba, nusu jangwa.
Akaja na taa yake ya gereji, ya betri,
akanimulikia mpaka nikamaliza.
"Naitwa Niranjan Singh," alisema. "Singh ni simba."
Mimi ni Yanga. Nilinuna kidogo.

Tangu hapo nikawa namchokonoa.
Nywele za singa zote hizo, unazificha za nini?
Sifichi, akasema, nazitunza. Aliyeziotesha hakukosea.
Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake;
akacheka hadi spana ikamdondoka:
basi zangu hazijawahi kupunguzwa.

Bangili yake ni ya chuma, si fedha, si dhahabu,
imekwaruzwa na nati za Isuzu.
"Mkono ukitaka kuiba, ukutane nayo kwanza."
Kitana cha mti hulala ndani ya fundo la nywele.
Juu ya kisu kile kifupi aliongea taratibu:
ni deni, alisema, anadaiwa na kila anayeonewa.
La tano ni nguo ya ndani. Tukaliruka, watu wazima.

Mungu? Mmoja. Hakuzaliwa, haogopi, hana chuki.
Nikasema hapo tumekaribiana, jirani.
Tumekaribiana, akasema, bila kuwa kitu kimoja;
ukuta si uadui.
Guru wao wa leo ni Kitabu,
usiku hulazwa kwenye shuka safi, alfajiri huamshwa.
Na majina: wana wote Singh, mabinti wote Kaur,
asiwepo wa kuuliza, wewe wa ukoo gani?
Nikaikumbuka posa ya dada yangu,
ilivunjwa na swali hilohilo.

Jumanne moja akaja mwanawe, Tegbir, wa chuo.
Baba yuko Kurasini, kafuata injini.
Kijana akaketi, akavua kilemba, akafumua fundo,
nywele zikamwagika hadi kwenye mkanda.
"Nyoa," alisema. "Zote."

Mwenzio akinyolewa, zako tia maji.
Huyu hakuna mwenzie aliyetangulia,
na maji yalikuwa machoni.

Ningemwambia utapendeza: kilemba cha ukoka
badala ya kile alichokivua.
Mkasi ninao. Kidole kimeshaingia.
Miaka kumi na mmoja nakitamani kichwa kimoja cha nyumba ile.
Nikasema, "Umeme umekatika."
Akanitazama kwenye kioo. Feni ilikuwa ikizunguka juu yetu.
"Mkasi wa umeme, bwana Shomvi?"
"Gerezani hapa, kila kitu."

Hakucheka. Aliketi muda wa ndevu mbili,
kisha akajifunga mwenyewe, kilemba kikakaa upande, akatoka.
Vinyozi tuko wengi mtaa huu. Sikumfuata.

Jumapili Niranjan akanialika kwenye gurudwara yao.
Viatu mlangoni, kichwa kifunikwe;
nikapewa kitambaa cha rangi ya chungwa.
Meza ya mkubwa hakuna. Tuliketi chini wote,
kulia kwangu meneja wa benki,
kushoto mbeba mizigo wa Kariakoo, amekuja na njaa yake,
hakuulizwa dini.
Dengu zikapita kwa ndoo.
Wa chapati alikuwa Tegbir,
kichwani kitambaa cha chungwa kama changu,
kimebana. Chini yake kuna nini, sikuweza kujua,
na kazi yangu ni kujua vichwa.

Nikanyoosha mkono.
"Miwili, bwana kinyozi," alisema.
"Hapa tunapokea kwa miwili."